Tunamheshimu Maria au tunamwabudu? Majibu kwa wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwenye nyumba zenye dini mbili au tatu chini ya paa moja, jambo la kawaida kuanzia Malaba hadi Arua. Tumechagua saba. Msimamo wetu ni wa Kikatoliki na hatuufichi, lakini hoja za wenzetu tumezipima kwa haki, kwa sababu baadhi yake zina uzito kweli.

SWALI: Shemeji yangu ni mlokole. Kila akinikuta nimepiga magoti mbele ya sanamu ya Mama Maria ananisomea Kutoka 20:4-5 na kuniambia naabudu sanamu. Nimjibu nini? (Msomaji, Malaba)

JIBU: Kwanza mkubalie kwamba amri ile ni nzito na inakubana wewe pia. Hoja yake inateleza kwenye magoti. Hapa Uganda binti wa Kiganda hupiga magoti kumsalimu baba mkwe wake, na hakuna mlokole anayesema binti huyo ameabudu mtu. Hata hivyo usiishie hapo, maana shemeji atakufungulia Matendo 10:25-26, ambapo Kornelio anamwangukia Petro na Petro anamwinua akimwambia kwamba yeye naye ni mwanadamu. Lipo goti la heshima na lipo goti la kuabudu, na kwa macho yanafanana.

Ndiyo maana liturujia imeweka tofauti unazoweza kumwonyesha bila kubishana. Mkaribishe kanisani. Mbele ya tabernakulo, kisanduku kinachohifadhi Ekaristi, Mkatoliki hupiga goti la kulia mpaka liguse sakafu. Tendo hilo limetengwa kwa Ekaristi Takatifu, na kwa Msalaba tangu adhimisho la Ijumaa Kuu hadi mkesha wa Pasaka. Sanamu ya Maria haipigiwi goti la namna hiyo. Jina lake likitajwa katika Misa tunainamisha kichwa tu. Mwangalie padri akishika chetezo: Ekaristi hufukiziwa ubani mara 3, sanamu ya Maria au ya mtakatifu mwingine mara 2. Kisha asikilize litania, sala ya kutaja majina na kuitikia. Kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu tunaitikia "utuhurumie". Tukifika kwa Maria itikio linageuka kuwa "utuombee", na halirudi nyuma hadi tumtaje tena Mwanakondoo wa Mungu.

Tofauti hizo zina mizizi ya kale. Mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulifundisha kwamba kuabudu kwa kweli, kunakoitwa latria, ni kwa Mungu peke yake, na kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Heshima ya watakatifu ikaitwa dulia, na ya Maria hiperdulia kwa kuwa ni kubwa kuliko ya wengine. Watu wengi hukosea hapa. Wanafikiri hiperdulia ni ngazi ya katikati, nusu ya njia kuelekea kwa Mungu. Hapana. Hiperdulia yote iko upande wa viumbe, na kati yake na latria hakuna ngazi.

Kinachoharibu ushuhuda wetu ni mazoea. Mtu anapita mbele ya tabernakulo akiongea na simu, halafu anafika kwenye sanamu ya Maria na kupiga goti hadi chini, anaishika, anaibusu. Shemeji yako akituona hivyo ana haki ya kuuliza ni nani hasa tunayemwona kuwa Mungu mle ndani.

SWALI: Mhubiri mmoja wa mtaani alisoma Yeremia 7:18 na sura ya 44, ambapo Mungu anawakasirikia wanaomtolea sadaka "malkia wa mbinguni". Akasema huyo ndiye Malkia tunayemwimbia. Nilinyamaza. Je, ana haki? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Malkia wa Yeremia ni mungu mke wa mataifa. Watoto waliokota kuni, baba wakawasha moto, mama wakakanda unga na kumwokea mikate, kisha wakammiminia vinywaji kama sadaka. Maria alizaliwa karne kadhaa baadaye, kwa hiyo Yeremia hakuwa akimsema yeye. Lakini jibu hilo peke yake ni jepesi, kwani mhubiri anaweza kusema tumebadilisha jina tu na ibada imebaki ileile. Cha kuuliza ni hiki: je, sisi tunamtolea sadaka?

Swali hilo Kanisa lilikutana nalo mapema sana. Katika karne ya 4, Epifanio, askofu wa Salami kisiwani Kipro, aliandika kuhusu kikundi cha wanawake waliotandika kitambaa juu ya kiti, wakaweka mkate, wakautoa kwa jina la Maria na kuula. Karibu ni yale yale ya Yeremia. Epifanio hakuwatafutia udhuru. Alifundisha kwamba Maria aheshimiwe, ila Baba na Mwana na Roho Mtakatifu ndio waabudiwe, na mtu yeyote asimwabudu Maria. Mpaka aliouchora ni sadaka, na mpaka huo haujahamishwa. Mtaguso wa Trento ulirudia mwaka 1562: hata Misa inapoadhimishwa kwa kuwakumbuka watakatifu, sadaka hutolewa kwa Mungu aliyewatia taji. Chukua kitabu cha Misa ufungue tarehe 15 Agosti, sikukuu ya kupalizwa Maria mbinguni. Sala ya mwanzo inamwambia Mungu, inamtaja Maria, na inaishia kwa Yesu Kristo. Sikukuu zote za Maria ni hivyo hivyo.

Cheo cha Malkia tunakichukua kutoka nyumba ya Daudi, ambako malkia alikuwa mama wa mfalme. 1 Wafalme 2:19 inamwonyesha Sulemani akimwinamia Bathsheba mama yake na kumwekea kiti mkono wa kuume. Soma mpaka aya ya 23, maana mhubiri mjuzi atakusomea: ombi alilolileta Bathsheba siku ile mfalme alilikataa. Mama anaomba, mfalme ndiye anayeamua. Nasi hatudai zaidi ya hapo.

Sasa tujiangalie nyumbani. Ua na mshumaa mbele ya sanamu ni ishara ya upendo. Lakini anayeleta kuku, mayai au noti na kuviweka miguuni mwa sanamu ili apewe mtoto au kazi anafanya kile walichofanya akina mama wa siku za Yeremia, hata kama anasema Salamu Maria. Matoleo hupelekwa wakati wa matoleo katika Misa, au kwa maskini. Makatekista wasiogope kulisema hilo waziwazi.

SWALI: Mimi ni wa Kanisa la Uganda, la Kianglikana, na namheshimu mama wa Bwana. Lakini 1 Timotheo 2:5 inasema mpatanishi ni mmoja. Kwa nini mpitie kwa Maria ambaye amekufa, wakati Yesu anasikia? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Asante kwa kuuliza kwa upole, na swali lako ndilo gumu kuliko yote.

Kuhusu mpatanishi mmoja hatutofautiani. Anza kusoma aya ya 1 ya sura ileile: Paulo anaagiza dua, sala na maombezi kwa ajili ya watu wote, ndipo anafika kwenye mpatanishi mmoja. Ina maana kwamba kuombeana hakumpunguzii Kristo chochote. Wewe humwomba mchungaji wako akuombee, na Yesu bado anakusikia moja kwa moja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Lumen Gentium ya mwaka 1964, namba 60, ulisema wajibu wa kimama wa Maria hauufichi wala kuupunguza upatanishi wa pekee wa Kristo. Namba 67 ya hati hiyo inawaonya wahubiri wasimtukuze Maria kupita kiasi, wala wasiwe na akili finyu juu yake.

Fundo lenyewe liko kwenye neno lako "amekufa". Kumbukumbu la Torati 18:10-11 inakataza kuwauliza wafu, na hapa kwetu katazo hilo si la vitabuni tu. Watu wanakwenda kwa mganga, wanaita mizimu, wanaita lubaale, miungu ya jadi ya Kiganda, na marehemu anajibu kupitia kinywa cha aliyepandwa. Huko anatafutwa mfu ili atoe habari za siri au nguvu. Anayesali rozari hatafuti habari wala hangoji sauti; anaomba aombewe, basi. Mkatoliki akianza kukaa mbele ya sanamu akisubiri imwambie aliyeiba ng'ombe ni nani, amevuka mpaka, na Torati inamhukumu yeye sawasawa na yule aliyekwenda kwa mganga.

Maria anasikiaje basi? Si kwa uwezo wake mwenyewe. Hajui yote wala hayuko kila mahali. Akisikia, ni kwa sababu Mungu amemjalia, kwa kuwa Mungu "si Mungu wa wafu, bali wa walio hai" (Luka 20:38). Katika Ufunuo 5:8 wazee 24 wanashika vitasa vya dhahabu vilivyojaa ubani, ambao ni maombi ya watakatifu. Upo pia ushahidi wa 2 Wamakabayo 15:12-16, ila kwa kuwa kitabu hicho hamkihesabu pamoja na mengine hatutakibebesha mzigo wa hoja hii.

Tukiri lililo kweli: hakuna aya inayomwonyesha mtu duniani akimwomba Maria aliye mbinguni. Hapa Mkatoliki anategemea Mapokeo, yaani imani iliyorithishwa katika Kanisa nje ya maandishi ya Biblia. Sala tunayoisali mpaka leo, "Tunaukimbilia ulinzi wako, Mzazi Mtakatifu wa Mungu", ipo kwenye kipande cha mafunjo kutoka Misri, sasa kiko Manchester. Wataalamu wengi walikiweka karne ya 3, wengine baadaye. Trento walisema mwaka 1563 kwamba kuwaomba watakatifu ni jambo jema na lenye manufaa. Anayesali kwa Yesu moja kwa moja hajapungukiwa kitu. Misa yenyewe karibu yote humwomba Mungu Baba moja kwa moja, kwa njia ya Kristo.

Pale ambapo lugha yetu inawakwaza, mna sababu. Salamu Malkia inamwita Maria "uzima, tulizo na matumaini yetu". Ni lugha ya ushairi, na sala yenyewe inaishia kwa kumwomba atuonyeshe Yesu, lakini mgeni anayeisikia peke yake atashtuka. Tarehe 4 Novemba 2025 Vatikano ilitoa hati, Mater Populi Fidelis, ikisema haifai kumpa Maria jina la Mkombozi Mwenza, kwa sababu jina linalohitaji maelezo mengi kila mara ili lisipotoshe halisaidii imani ya watu. Kwaya zenye jina hilo kwenye nyimbo zao zianze kulibadilisha.

Na ninyi mna hazina yenu. Wimbo wa Maria wa Luka 1:46-55 umo katika sala ya jioni ya kitabu chenu cha sala cha 1662. Mwaka 2005 tume ya pamoja ya Waanglikana na Wakatoliki ilitangaza kwamba kuwaomba Maria na watakatifu watuombee si jambo la kututenganisha. Hati ya tume si sheria ya kanisa lolote, lakini inafaa kusomwa.

SWALI: Mume wangu ni Mwislamu. Anasema Wakristo wamemfanya Mariamu kuwa mmoja wa miungu mitatu, na kwamba Kurani imelikanusha hilo. Ni kweli tunaamini hivyo? (Msomaji, Yumbe)

JIBU: La. Utatu ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja. Maria hayumo na hajawahi kuwamo. Aya anayoikumbuka ni ya sura ya 5, aya ya 116, ambapo Isa anaulizwa kama yeye ndiye aliyewaambia watu wamfanye yeye na mama yake kuwa miungu. Kwa upande wa mama, Mkatoliki anajibu pamoja na mumeo kwamba anayesema hivyo amekufuru. Mwambie hata basilika ya Lodonga, iliyo wilayani kwenu na yenye jina la Maria, kila Misa yake inatolewa kwa Mungu peke yake. Maria ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina ndani ya Kurani, na sura ya 19 ina jina lake. Mna mengi ya kusoma pamoja. Tofauti kubwa kati yenu inabaki kwa Yesu, na hiyo msiifiche kwa kumzungumzia mama yake.

SWALI: Nimetumiwa novena ya Bikira Maria kwa simu. Inasema nisipoituma kwa watu 12 ndani ya siku 9 nitapata balaa. Tena kuna mama jirani anasema Maria humtokea na anauza maji ya baraka. Nifanye nini? (Msomaji, Masaka)

JIBU: Ifute. Usiitume hata kwa mtu mmoja, na usilale na hofu. Novena ni sala ya siku 9, kwa mfano wa mitume waliodumu katika kusali pamoja na Maria kati ya Kupaa na Pentekoste. Ukiiwekea idadi ya watu na adhabu kwa anayekatiza, inakuwa hirizi. Maria hamlaani mtu kwa kukosa bando. Kitabu au kikaratasi cha sala kikikufikia, tafuta kwenye kurasa za mwanzo neno Imprimatur, yaani kibali cha kuchapwa, pamoja na jina la askofu na tarehe. Kisipokuwa nalo mwonyeshe paroko kabla ya kukisalia.

Suala la jirani ni zito zaidi. Kuna mambo manne ya kumwangalia: kama anatoza fedha, kama anawaambia watu wafiche mambo yasimfikie paroko, kama anatoa vitisho vyenye tarehe, na kama anataka watu waache kazi, ndoa au mali wamfuate. Moja tu linatosha kuondoka. Maji ya baraka hubarikiwa na padri au shemasi na hayauzwi.

Hatusemi haya kwa nadharia. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya watu walikufa katika kanisa lililochomwa la kundi lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walidai kupokea ujumbe kutoka kwa Bikira Maria. Wafuasi waliuza mali zao, walizuiwa kuongea mpaka wakawa wanatumia ishara za mikono, na kundi lilikuwa limejitenga na uongozi wa Kanisa. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wa sala waliompenda Maria. Walikosa mtu wa kuwapimia sauti waliyoambiwa ni yake.

Linganisha na Kibeho nchini Rwanda, ambako Waganda wengi huenda kuhiji. Matokeo ya Maria, yaani kuonekana kwake, yalianza 28 Novemba 1981 shuleni. Watu wengi walidai kumwona Maria, lakini askofu wa Gikongoro aliwakubali wasichana watatu tu, naye alitangaza hivyo 29 Juni 2001, karibu miaka 20 baadaye. Na hata hivyo Mkatoliki halazimiki kuamini matokeo ya Kibeho. Tangu 19 Mei 2024 taratibu za Vatikano zimekaza zaidi: kwa kawaida askofu hatangazi tena kwamba tukio limetoka mbinguni, anasema tu kama hakuna kizuizi cha watu kusali pale, baada ya kupata kibali cha Roma. Mweleze paroko wako habari za jirani huyo mapema, kabla hajapata wafuasi wengi.

SWALI: Nataka kusali rozari nyumbani lakini mke wangu ni mlokole na hukasirika. Watoto wako katikati. (Msomaji, Tororo)

JIBU: Usimlazimishe, na usisali kwa kumshindana. Rozari ya mafungu 5 ina Baba Yetu 6 na Salamu Maria 53, na ikisaliwa kwa utulivu huchukua kama dakika 20. Nasadiki kwenye msalaba, Baba Yetu 1, Salamu Maria 3, Atukuzwe. Kisha kila fungu Baba Yetu 1, Salamu Maria 10, Atukuzwe. Kila fungu lina tendo lake la kutafakari: matendo ya furaha ni Jumatatu na Jumamosi, uchungu Jumanne na Ijumaa, utukufu Jumatano na Jumapili, mwanga Alhamisi.

Tunachokushauri ni kuweka aya ya Biblia kabla ya kila fungu. Siku za furaha soma Luka 1:26-38, 1:39-56, 2:1-20, 2:22-40 na 2:41-52. Mwombe mkeo asome aya hizo, kisha awe huru kutoka au kukaa kimya. Wengi wa walokole hawajawahi kuambiwa kwamba rozari ni kutafakari maisha ya Yesu, na hawataambiwa na mdomo unaokimbia. Kosa tulilozoea ni kundi la pili kuanza "Maria Mtakatifu" kabla la kwanza halijamaliza, na jina la Yesu lililo katikati ya sala linamezwa. Wafundishe watoto kutua kidogo wakilitaja jina hilo. Kama muda ni mfupi, sali fungu moja vizuri.

Ukifika matendo mawili ya mwisho ya utukufu, kupalizwa Maria na kuvikwa taji, mkeo atasema hayamo katika Injili. Ni kweli. Kupalizwa ni fundisho lililotangazwa rasmi na Papa Pius XII tarehe 1 Novemba 1950 kutoka katika Mapokeo. Soma Ufunuo 12:1 kwa tafakari na usimwambie kuwa ni uthibitisho. Na ukutani msalaba uwe juu au katikati, picha ya Maria pembeni yake, si kinyume.

SWALI: Sanamu yetu ya Bikira Maria iliyobarikiwa imeanguka ikavunjika. Jirani anasema ni mkosi. (Msomaji, Arua)

JIBU: Si mkosi. Ni plasta imevunjika. Kama inagundika, igundishe. Kama haiwezekani, usiitupe jalalani kwa kuwa ilibarikiwa: isage vipande vidogo uizike mahali pasipokanyagwa. Picha za karatasi huchomwa na majivu yake huzikwa vilevile. Hakuna sala ya kuondoa balaa inayohitajika. Ukinunua nyingine, ipeleke kwa padri baada ya Misa aibariki. Baraka hailipiwi.